Mama Haumwi

Naipenda baridi. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya watu wenye heshima zao, na mara nyingine nilikuwa nimevaa sweta mbili na soksi za sufu huku nikiona raha hadi kwenye visigino. Ukiniuliza, nilikuwa najibu kwamba baridi ya Karatu inanitesa, inaniingia magotini, inanipasua midomo, na kwamba naivumilia kwa ajili ya mama tu. Mama akipata nafuu, nilikuwa nasema, narudi Dar es Salaam.

Mama alipata nafuu zamani. Aliteleza bombani akavunjika nyonga, nikaomba ruhusa kazini, nikafunga begi moja, nikaja Rhotia, kijijini kwetu, kumuuguza. Nyonga ikaunga. Kwanza alitembea kwa magongo mawili, kisha kwa moja, kisha lile moja likawa la kufukuzia kuku. Siku hizi anakwenda shambani kabla sijaamka, na akirudi ananikuta nakunywa chai, ananiuliza kwa upole kama nimelala vizuri. Hata hivyo, rafiki yeyote wa Dar akipiga simu, nilikuwa nashusha pumzi kidogo kabla ya kujibu: "Nipo, nipo. Si unajua tena, mama." Wakanipa pole. Nimekusanya pole nyingi kwa ugonjwa wa mtu aliye mzima kuliko mimi.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya watu wengine na, wakichelewa kunipa kazi, kuandika insha zangu mwenyewe. Ni kazi inayofanyika popote penye meza na subira. Lakini nilisoma chuo kikuu Dar, nikaajiriwa huko huko, nikajenga nyumba ndogo Mbezi, nikazoea kuzungumzia nyumbani kama mahali pa kwenda Krismasi na kurudi na gunia la viazi. Msomi harudi kijijini kwa kupenda. Anarudi kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa kustaafu, au kwa kugombea ubunge. Msiba sikuwa nao, umri wa kustaafu ulikuwa bado, na siasa siziwezi. Ulibaki ugonjwa. Kwa kuwa wangu sikuwa nao, nikaazima wa mama.

Mwaka huu baridi iliingia kama kawaida yake, bila hodi. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, masika yamechoka. Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa uani kwetu, kiasi kwamba kuku niliwasikia bila kuwaona. Barabarani bodaboda walipita wamevaa makoti yao nyuma mbele, taa zinawaka saa tatu ya asubuhi. Maharage yalikuwa yamekwisha kung'olewa, mahindi yamesimama makavu yakinong'onezana, na mbaazi ndiyo kwanza zinafikiria kuchanua. Mjini Karatu watalii walianza kuonekana na kaptula zao, wamevalia Afrika waliyoambiwa, wakitetemeka kwenye meza za mitumba na kuchagua masweta ambayo huenda yalitoka makwao.

Shuleni tulisoma vitabu vyenye habari za nchi ambako majani ya miti hubadilika rangi na kudondoka yote kwa pamoja, na watu wakapatwa na huzuni nzuri na kuandika mashairi. Nilikuwa nawaonea wivu. Huku kwetu mti wa mgrevilea hudondosha majani mwaka mzima bila kumuaga mtu, na sijasikia aliyeutungia ubeti hata mmoja. Lakini tuna kipupwe, nacho kina mambo yake. Kuna kikombe kinachoshikwa kwa mikono miwili. Kuna jua la saa saba linalokuja kama mgeni mkubwa, likakaa kidogo na kuondoka kabla hujalishiba. Kuna ule utulivu wa mwili usiotoka jasho, ambao mtu aliyehariri miswada Dar mwezi wa pili, karatasi zikimganda kwenye mkono, hawezi kuuchukulia hivi hivi. Asubuhi ile ya ukungu nilisimama mlangoni nikavuta hewa mpaka pua ikauma, na nikamshukuru Mungu kwa sauti ndogo, mama asisikie.

Wiki ile ile mpangaji wangu wa Mbezi akapiga simu.

Ni mwalimu wa sekondari, kijana mstaarabu, na mkewe ni fundi cherehani. Wamekaa kwenye nyumba yangu tangu nilipoondoka, kwa mkataba wa ajabu niliouandika mimi mwenyewe: mwezi mmoja mmoja, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kurudi wakati wowote. Kila mwaka wananiuliza kama narudi, na kila mwaka nawajibu mwakani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mwalimu. Joto vipi?"

"Joto lipo, halijatukimbia. Dada, samahani, leo nina jambo zito kidogo. Mama yangu, si nilikwambia alipata kiharusi? Sasa amepata kiti cha magurudumu. Tunataka aje akae na sisi. Ila mlango wa bafu ni mwembamba, kiti hakipiti, na pale barazani kuna ngazi. Nataka nipanue mlango, niweke mteremko wa saruji."

"Ni jambo jema."

"Jema, dada. Lakini siwezi kubomoa ukuta wa mtu halafu mwezi ujao mwenyewe huyo, yuko getini na mabegi."

"Kweli, huwezi."

"Ndiyo maana nauliza. Kama unarudi hakuna ubaya, tutahama. Kuna nyumba Kibamba haina ngazi, mwenye nyumba anataka jibu kabla mwezi wa sita haujaisha. Mama kwa sasa yuko kwa dada yangu, ghorofani. Akitaka kuoga anabebwa. Mtu mzima, dada, anabebwa kama gunia. Hasemi kitu, lakini siku hizi anaoga mara chache kuliko zamani."

Nikamwambia anipe muda nifikirie, nitampigia. Nilipoweka simu chini niliona aibu isiyo na pa kujificha. Mwanamke nisiyemjua alikuwa haogi vizuri kwa sababu mimi, mwenye shahada mbili, nilishindwa kusema ninaishi wapi.

Badala ya kufikiria, nikaenda Arusha kununua kompyuta.

Nilikuwa na sababu. Ile ya zamani, ya kubeba mkononi, kioo chake kilikuwa na mstari mweusi katikati, na kwa mwaka mzima nilikuwa nahariri sentensi zenye shimo. Waandishi kadhaa wananichukia mpaka leo kwa ajili ya mstari ule. Dukani binti alinionyesha kompyuta nyembamba kama chapati, moja baada ya nyingine, nami nilikuwa naitikia kwa kichwa, mpaka nikajisikia nauliza ya mezani. Ile kubwa. Kioo kama dirisha la jikoni, boksi lake la chuma, spika mbili pembeni.

"Lakini mama," yule binti alisema, "hii huwezi kusafiri nayo."

"Sisafiri," nikamjibu.

Maneno yalitoka kabla sijayapitia. Nikashtuka, nikaongeza haraka, "Kwa sasa." Yeye alikuwa ameshaanza kutafuta kamba ya kufungia boksi.

Nilifika nyumbani nimekipakata kile kioo kama mtoto anayetoka kubatizwa. Mama alikuwa uani anapepeta maharage.

"Umenunua televisheni?"

"Kompyuta, mama."

"Ile nyingine imekufa?"

"Imezeeka."

"Mbona mimi nimezeeka na hamjanibadilisha?"

Lakini aliipokea kama anavyopokea kila kitu cha heshima kinachoingia kwenye nyumba yake: aliifumia vitambaa. Kabla wiki haijaisha kioo kilikuwa na kitambaa cheupe chenye maua ya kijani, spika kila moja na chake, kibodi nacho, na kipanya kikapata kitu kama kofia ya kichanga. Kila asubuhi nilianza kazi kwa kuivua nguo kompyuta, na kila jioni mama aliivisha.

Kisha ikaanza kuzimika. Ilikuwa inafanya kazi vizuri asubuhi, ikifika saa tano, saa sita, inazima yenyewe, pap, na sentensi yangu inakwenda nayo. Nililaumu umeme. Nililaumu fundi wa kuchomelea mageti aliye jirani. Nikalaumu lile duka la Arusha, nikatunga moyoni barua kali sana, yenye adabu ya kutisha, ya aina tunayofundishwa chuo kikuu. Siku ya nne au ya tano nikapiga magoti chini ya meza kuangalia nyaya. Lile boksi la chuma lilikuwa limeviringishwa shuka nzito ya Kimasai, nyekundu yenye miraba, na kufungwa kwa mkanda wa gauni.

"Mama! Nani amefunika hili boksi?"

"Mimi," alijibu kutoka jikoni, bila wasiwasi.

"Kwa nini?"

"Linatetemeka. Weka mkono uone. Likiwashwa tu linaanza kutetemeka na kukoroma kifua. Nikasema maskini, limetoka Arusha, halijazoea baridi ya huku."

"Mama, hiyo ni feni. Lina joto. Lenyewe linataka baridi."

Alikuja akasimama nyuma yangu, mikono ina unga, akalitazama boksi kwa muda.

"Kumbe limefika penyewe," akasema, akarudi kwenye ugali wake.

Hakunitazama mimi aliposema hivyo, kwa hiyo siwezi kumshtaki kwa lolote. Nikalivua boksi shuka, nikaikung'uta na kuipeleka kwenye sanduku la bati chumbani kwake ilikokuwa inakaa. Ilikuwa ya baba. Nilipofungua sanduku kuiweka, chini kabisa, ndani ya soksi ya mtoto, nikakuta kaseti.

Hapa lazima nieleze kidogo. Baba, aliyetutoka zamani, alikuwa bwana mifugo, na kwa miaka mingi alipangiwa Wasso, huko ng'ambo ya hifadhi ya Ngorongoro. Alikuwa anazunguka kwa wafugaji mpaka Sale akichanja ng'ombe wa watu, wakati ng'ombe wake mwenyewe wanachungwa na mkewe Rhotia. Kuja nyumbani ilikuwa safari ya kusubiri lori, na simu zilikuwa hazijafika. Barua aliandika, lakini mama alikuwa hajui kusoma, na alisema waziwazi hapendi mambo yake na mumewe yapitie mdomoni mwa mtoto wa darasa la tano, yaani mimi. Kwa hiyo wakawa wanatumiana kaseti. Baba alinunua kaseti ya muziki wa dansi, akaziba kwa karatasi iliyotafunwa yale matundu mawili ya juu ili iweze kurekodiwa tena, akarekodi habari zake akiufuta muziki, akaikabidhi kwa dereva. Sisi tulisikiliza, tukairudisha mwanzo, tukajibu upande wa pili. Ikaenda, ikarudi. Kila habari mpya ilifuta ya zamani, ndiyo maana ya miaka yote ile ilibaki moja, ile ya mwisho.

Redio ya kaseti bado ipo, inakaa juu ya kabati na kitambaa chake. Nikatafuta waya, nikaiunganisha na kompyuta mpya ili sauti ihifadhiwe humo kabla ukanda haujakatika, nikamwita mama. Alikaa kwenye kochi, akajifuta mikono, akajiweka sawa kanga kama mtu anayepokea wageni.

"Moja, mbili. Moja, mbili," baba akasema kwenye spika zote mbili. "Hapa ni Wasso. Hamjambo nyote? Mimi sijambo, ila mafua. Huyo mnayemsikia analia hapo nyuma si mimi, ni ng'ombe wa watu."

Alikuwa anazungumza kama mtangazaji wa redio, kila neno limepigwa pasi. Aliuliza habari za mvua. Aliuliza kama paa la jiko limezibwa.

"Lilizibwa," mama akamjibu.

Nikamgeukia. Alikuwa anaitazama spika ya kushoto.

"Na yule mwekundu," baba akaendelea, "amezaa?"

"Alizaa. Dume. Jeupe usoni."

"Mtoto asichezee dawa zangu kabatini."

"Hachezei," mama akasema. "Amekuwa mkubwa."

Halafu baba akaacha Kiswahili cha ofisini, akahamia Kiiraqw cha nyumbani, sauti ikashuka, na mimi nikagundua kwamba nina kazi ya haraka sana jikoni. Niliporudi mama alikuwa anacheka peke yake, amefunika mdomo kwa ncha ya kanga. Kaseti ikatoa mlio, tak, na mahali baba alipoishia pakafunguka muziki. Magitaa mawili yakikimbizana, moja linauliza na lingine linachelewesha jibu makusudi, tarumbeta nyuma yao, na mtu anaimba kwamba amekosea nyumba. Nilitaka kuizima. Mama ni mzee wa kanisa.

"Iache," akasema. Na mguu wake, wa upande wa nyonga iliyovunjika, ulikuwa unapiga sakafu bila kukosea.

"Mama, wewe unaujua huu muziki?"

"Baba yako akimaliza kusema nilikuwa siizimi. Nilikuwa naiacha iende, labda ana neno lingine mbele. Hakuwa nalo. Sasa si ningeshika hayo magitaa?"

Tuligeuza upande wa pili. Huko alikuwepo mwanamke kijana akieleza kwa pumzi moja habari za mahindi, michango ya kanisa, ubishi wa mpaka na jirani, na kuku aliyetagia ndani ya kofia ya baba. "Huyo mwanamke anaongea sana," mama alisema kwa kukerwa kidogo. Kisha mtoto akamnyang'anya redio, akapiga kelele mpaka spika zikakoroma: "Baba! Ukungu umekuja! Mkubwa! Hatuoni choo!"

Sijawahi kumsikia mtu mwenye furaha kama mtoto yule. Mama alichukua ungo wake wa maharage akaendelea kuchambua, lakini alichambua kwa namna ya mtu aliyeshinda kesi.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ina muziki. Nilizitoa kaseti zangu za ujanani kwenye boksi nililolileta Krismasi moja nikaliacha bila kulifungua, nikazihamishia kwenye kompyuta moja moja. Dar nilikuwa nasikiliza muziki kwa vipande, kwenye simu, huku nafanya jambo lingine. Wimbo haujafika katikati nimeshaukata kupokea simu. Nilikuwa nimesahau kwamba wimbo una mwisho. Nilikuwa nimesahau yale magitaa yanapoachiwa uwanja, waimbaji wamekaa kimya, nawe huna la kufanya ila kungoja. Sasa mchana wa kipupwe, kazi ikinishinda, nauacha wimbo uishe wote. Mama yuko upande wa pili wa chumba na ungo wake. Ukungu umesimama dirishani. Boksi linatetemeka chini ya meza na afya yake njema. Kuna siku nilikaa hivyo nikaona nimepewa vitu vingi kuliko nilivyoomba, na kwamba nimekuwa nikivitolea maelezo kana kwamba nimeviiba.

Lakini mwalimu nilikuwa sijampigia. Mwezi wa sita ulikuwa unakwenda.

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alinishika mkono nje ya kanisa, akanivuta pembeni penye jua.

"Pole mwanangu. Tunakuombea."

"Ahsante mama. Ila, samahani, kwa lipi?"

"Hayo hayo ya Dar. Mama yako alitueleza. Alisema tusikuulize, na mimi sikuulizi."

"Aliwaelezaje?"

"Kwamba mambo yalikuwa magumu, ukachoka, mawazo yakawa mengi, akaona bora akuite ukae karibu akutazame. Lakini umenawiri! Ulipokuja ulikuwa ufito. Mama yako ameuguza, jamani. Mungu amlipe."

Nilitembea mpaka nyumbani kwa hatua za mtu aliyeibiwa kitu alichokuwa ameiba. Mama alikuwa anavua viatu vya kanisani.

"Mama, unawaambia watu unaniuguza?"

"Na wewe si unawaambia watu unaniuguza mimi?"

"Nani kakwambia?"

"Unaongea na simu kama baba yako alivyoongea na kaseti. Mpaka bodaboda wa pale njiapanda wanaijua nyonga yangu."

"Lakini ulivunjika kweli."

"Nilivunjika, nikaunga. Watu wakaanza: huyo msomi wako, mbona harudi kazini? Kafukuzwa? Ningesemaje? Niseme amekaa tu, anapenda? Wangesema umerogwa."

"Kwa hiyo nani anamuuguza nani?"

Mama alifikiri, kiatu kimoja mkononi.

"Humu ndani hakuna mgonjwa," akasema. "Kuna watu wawili wanakunywa chai."

Tulicheka mpaka ikabidi nimshike asianguke, kwa sababu kuvunjika tena kungeharibu hoja yake yote. Nikamweleza basi habari za mwalimu, za mlango wa bafu, za yule mama anayebebwa ghorofani. Alisikiliza bila kucheka. Anajua kubebwa. Mwezi wa kwanza wa nyonga yake nilimbeba mimi, na hakuna siku aliyoniita kwa hiari yake.

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimesema nafikiria."

"Unafikiria nini sasa?"

Nilikuwa nafikiria, nadhani, watu wataniona vipi. Mwanamke wa makamo, kasoma, kavuliwa sababu zote, kabaki na kupenda tu.

Siku mbili tatu baadaye, alasiri, nilikuwa uani nimetandaza mahindi kwenye turubai. Manyunyu yakaanza, yale yasiyoanguka ila yanaelea. Nikawa nazoa mahindi mbio kwenye beseni, na ndani nikasikia simu yangu ikiita juu ya meza ya kompyuta, kisha ikaacha, kisha sauti ya mama. Naye akiongea na simu hupaza sauti kulingana na umbali, na Dar ni mbali.

"Marahaba baba! Yuko nje anaanua mahindi! Mimi mama yake!"

Nadhani akaulizwa hali.

"Ninaendelea hivyo hivyo, baba! Nyonga! Silali!"

Mama hulala kama jiwe la kusagia. Niliacha mahindi.

"Hawezi kuondoka, baba! Ataniachaje? Mwenyewe anatamani sana kurudi huko, lakini ndiyo hivyo, mimi ndiye namkwamisha! Wewe jenga! Vunja tu huo mlango!"

Nilipoingia na beseni kiunoni aliiziba simu kwa kiganja, akaninong'oneza kwa fahari: "Nimeshakusemea. Nimemwambia naumwa sana."

Nikamtazama. Alikuwa amesimama imara kwa miguu yake miwili, mzima, mgongo umenyooka, ameuvaa tena ugonjwa alioupona ili mimi nisivunjiwe heshima. Nimesoma vitabu vingi kuhusu upendo na nimehariri vingine, lakini sijakutana na sentensi inayofanana na ile. Niliweka beseni chini nikapokea simu.

"Mwalimu."

"Dada, pole sana na kuuguza. Sikujua hali ya mama imefika huko."

Hapo ndipo ingekuwa rahisi. Neno la kawaida lilikuwa limeshafika ulimini, limevaa viatu.

"Mama haumwi," nikasema.

"Haumwi?"

"Haumwi hata kidogo. Leo asubuhi amebeba maji ndoo mbili, na moja ilikuwa ya kwangu. Mimi ndiye ninayetaka kukaa huku. Napapenda. Nina kazi yangu hapa, nina kompyuta kubwa, nina muziki, naipenda hata hii baridi. Sirudi, mwalimu. Si mwezi ujao, si mwakani. Nilipaswa kukwambia zamani."

"Unaipenda baridi?" Aliuliza kwa uangalifu, kama mtu anayeongea na aliye juu ya paa.

"Naipenda."

"Haya, dada." Akakohoa. "Kwa hiyo ule mlango nivunje?"

"Vunja. Na pale barazani usihangaike kuweka mteremko juu ya ngazi. Zing'oe zote. Nilizijenga kwa maringo tu, zilikuwa hazina kazi."

"Na mkataba?"

"Uandike wewe, uwe mrefu unavyotaka. Nitasaini."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa kando ya simu, anasikiliza bila kujificha, na alipoona namtazama akanipiga kofi dogo la bega, la kunikemea kwa kumwaibisha kwa mpangaji. Upande wa pili, kumbe alikuwa kwa dada yake, nikasikia mlango ukifunguliwa, na sauti ya mwanamke mzee, nzito, maneno yakimtoka kwa shida kutoka upande mmoja wa mdomo, akiuliza kitu ambacho sikukishika.

"Amekubali, mama," mwalimu akamwambia, na akasahau kwamba mimi bado nipo kwenye simu. "Jumatatu fundi anakuja. Tutapima na kiti chako kabisa, ukiwa umekaa."